Uwanja mmoja, pepo mbili: gofu ya Vipingo ilivyo kwa anayeicheza

Tangu wenzangu wa barazani wajue kwamba nacheza gofu, sina raha. Wako wanaoniita mzungu. Wako wanaouliza pesa nimezipata wapi. Lakini swali linalorudi zaidi ni la kutaka kujua: kule Vipingo, juu kwenye ule mwinuko, kukoje? Ni uwanja gani huo hata wanawake watoke Ujerumani, India na Singapore waje kuushindania? Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka. Leo najibu kwa maandishi, tena kwa kirefu, ili anayetaka kujua ajue, na anayetaka kunicheka anicheke akiwa na habari kamili.

Uwanja wenyewe unaitwa Baobab, yaani Mbuyu, nao uko ndani ya makazi ya Vipingo Ridge, Kaunti ya Kilifi. Ukitoka Mombasa unavuka daraja la Nyali, unavumilia foleni ya Mtwapa, unapita Kikambala, na baada ya hapo unaanza kutazama mkono wako wa kushoto. Ni safari ya kilomita arubaini hivi. Barabara ya Malindi inapita chini. Upande wa kulia ni bahari na hoteli, upande wa kushoto ardhi inapanda taratibu kuelekea bara, na huko juu ndiko uliko uwanja. Kwa hiyo hauko ufuoni, kama wengi wanavyodhani. Uko mbali kidogo na maji lakini unayaona. Ukisimama sehemu za juu, Bahari ya Hindi imelala mbele yako yote, na mashua ya mvuvi inaonekana kama punje ya mchele.

Eneo zima la makazi hayo ni ekari zipatazo 2,500, na zamani lilikuwa shamba la mkonge. Hili nalijua si kwa kusoma tu. Mjomba wangu, ndugu wa mama, aliendesha trekta katika mashamba ya mkonge ya upande huo kwa miaka mingi, akivuta matrela ya majani kupeleka mashineni. Wakati tuko wadogo alikuwa akija nyumbani Idi na mikono imechanjwachanjwa na miiba, na sisi tukidhani amepigana na paka. Mtu kama yule akisikia kwamba mahali alipomwaga jasho sasa pamepandwa nyasi za kupigia mpira, ana haki ya kuuliza maswali. Suala la ardhi Pwani ni jeraha, na makala ya gofu hayawezi kulitibu. Nalitaja kwa sababu kila mara niingiapo pale langoni, mjomba naingia naye kichwani. Safari moja niliingia naye kwa mwili, na hiyo nitaieleza.

Waliouchora uwanja ni Golfplan, kampuni ya Kimarekani ya Ronald Fream na David Dale, ambao wamechora viwanja katika nchi nyingi. Sifa kubwa ya kazi yao hapa, kwa maoni yangu, ni kwamba waliiacha miti. Mibuyu mikubwa, mingine ya umri ambao hakuna mzee wa Kigiriama atakayethubutu kuukisia, imebaki imesimama katikati ya mchezo. Hiyo ndiyo asili ya jina.

Kwa yule asiyejua gofu kabisa, nianze na mambo ya msingi. Uwanja kamili una mashimo 18. Desturi hiyo ilianzia St Andrews kule Scotland, ambako mwaka 1764 walipunguza mashimo yao kutoka 22 mpaka 18, na polepole dunia ikafuata. Kila shimo ni safari: unaanzia pahali palipotengwa, panapoitwa tii, unapita kwenye ukanda mrefu wa nyasi zilizokatwa vizuri, na unaishia kwenye nyasi fupi sana kama zulia, ambazo wachezaji wanaziita grini. Hapo kwenye grini ndipo kilipo kitundu chenyewe, upana wake milimita 108, popote duniani uendapo. Mpira nao una sheria: uzito usizidi gramu 45.93, na upana usipungue milimita 42.67. Unaruhusiwa kubeba fimbo 14, si zaidi. Kila shimo lina idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kuitumia, tatu, nne au tano, na idadi hiyo ndiyo par. Ukijumlisha mashimo yote ya Baobab unapata par 72.

Anayeshinda ni aliyepiga mikwaju michache. Hili huwachanganya watu wa baraza langu, waliozoea kwamba mwenye mabao mengi ndiye mshindi.

Sasa, kwa nini uwanja huu huitwa wa mashindano makubwa? Kwa sababu yamechezwa. Magical Kenya Ladies Open, iliyokuwa sehemu ya mashindano ya wanawake wa kulipwa wa Ulaya, ilifanyika hapo kwa mara ya kwanza Desemba 2019. Mjerumani Esther Henseleit, msichana wa miaka ishirini wakati huo, alipiga mikwaju 64 siku ya mwisho. Hiyo ni nane chini ya par, katika siku ambayo kila mkwaju ulikuwa na pesa ndani yake. Alimshinda Aditi Ashok wa India kwa mkwaju mmoja tu, na kwa ushindi ule akamaliza mwaka akiwa kinara wa wachezaji wote wa Ulaya. Likaja gonjwa la korona, dunia ikafunga milango. Mashindano yaliporudi Februari 2022, Henseleit akashinda tena. Februari 2023 Aditi akalipiza, tena kwa kisasi kizito: mikwaju tisa mbele ya waliomfuata. Februari 2024 akaja Shannon Tan, binti wa miaka kumi na tisa kutoka Singapore, akawa wa kwanza wa nchi yake kushinda katika ligi hiyo. Miezi michache baadaye Henseleit alivaa medali ya fedha ya Olimpiki kule Ufaransa. Hao ndio waliopita juu ya mwinuko wetu. Pwani yetu hii imepokea mabingwa na wengi wetu tulikuwa Mackinnon tukinunua mbatata.

Mimi nilikwenda kutazama mara mbili. Nilichokiona, na ambacho sijasikia mtangazaji yeyote akikisema, ni miezi. Desemba, Februari, Februari, Februari. Msomaji wa Pwani keshaelewa. Mabingwa wote wale wameucheza uwanja huu katika kaskazi. Hakuna aliyeucheza katika kusi. Na uwanja wa Baobab katika kaskazi na uwanja wa Baobab katika kusi ni viwanja viwili tofauti vyenye nyasi zilezile.

Hili ndilo ninalotaka hasa kulieleza leo.

Babu zetu waliishi kwa pepo hizi mbili. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni, kusi ikayarudisha. Kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka mpaka mwezi wa tatu hivi, huvuma kutoka upande wa Lamu na Malindi kuja Mombasa. Ni upepo mkavu, na anga huwa nyeupe kwa joto. Kusi huanza na mvua za masika na kushika nguvu kati ya mwaka, nao huvuma kinyume, kutoka upande wa Mombasa kuelekea Malindi, ukali wake mabaharia wanaujua. Baina yao kuna tanga mbili, wakati upepo haujaamua. Mashimo ya Baobab yanakwenda pande zote, mengine yakielekea kaskazini na mengine kusini, mengine yakipanda bara na mengine yakishuka kuelekea baharini. Basi fikiria: shimo ambalo Februari ulilipiga upepo ukiwa usoni, Julai unalipiga upepo ukiwa mgongoni. Fimbo uliyoikariri haifai tena. Pahali ulipopaogopa sasa ni salama, na palipokuwa salama pana mauti.

Mara ya kwanza nilicheza Februari. Nilikuwa nimetoka kwenye viwanja vya mjini, nikiwa na majivuno kidogo. Gofu nilijifunza ujanani kwa kubeba mikoba ya watu pale Mombasa Golf Club, karibu na kivuko cha Likoni, uwanja wa mashimo tisa ulioanzishwa mwaka 1911 na ambao upepo wake unakupiga moja kwa moja kutoka majabalini. Nikasema, mimi upepo wanifundishe nini? Shimo la kwanza nilitumia mikwaju saba. La pili saba tena. Kwenye la tatu nilipiga mpira mzuri kabisa, mpira wa kupigiwa makofi, ukapaa juu, ukasimama hewani kama umesahau ulikokuwa ukienda, halafu ukadondoka nusu ya safari.

Kijana aliyenibebea mkoba hakusema kitu. Makedi wazuri hawasemi mpaka uwaulize. Nilipomuuliza, akaniambia, "Mzee, umepiga kwa nguvu. Upepo unapenda nguvu."

Ana haki, na sababu yake si muujiza. Mpira wa gofu una vishimo vidogovidogo mwili mzima, na ukipigwa huzunguka kwa nyuma. Mzunguko huo ndio unaoubeba hewani. Ukiongeza nguvu unaongeza mzunguko, na mzunguko ukikutana na upepo wa mbele mpira hupanda badala ya kwenda. Dawa yake ni kuchukua fimbo ndefu kuliko unavyodhani, kuishika chini kidogo, na kuzungusha nusu au robo tatu tu, kama mtu anayefagia. Mpira unapita chini ya upepo. Ni kitu rahisi kukiandika hapa. Mwanamume wa miaka arubaini na kitu, aliyesimama mbele ya watu na fimbo mkononi, kumwambia apige polepole ni sawa na kumwambia asibishane barazani.

Wale mabinti niliowatazama walikuwa wakifanya hivyo bila kufikiri. Hawana miili ya kutisha. Walikuwa wakipiga mpira wa chini wenye kwenda mbele ya upepo kwa adabu, na pale upepo ulipokuwa nyuma yao waliuacha upande juu na kubebwa. Niliona mmoja akingoja. Alikuwa keshasimama tayari, upepo ukabadilika, akarudi nyuma hatua mbili, akanywa maji, akatulia mpaka ulipokaa sawa. Nahodha hutweka tanga kwa namna hiyohiyo.

Nilirudi Julai mwaka uliofuata, nikiwa nimejifunza, nikiwa na daftari langu la fimbo za kila shimo. Daftari lile nililitia mfukoni baada ya shimo la pili, na halikutoka tena. Kusi ilikuwa imegeuza kila kitu. Nyasi nazo, baada ya masika, zilikuwa nzito na mbichi pembeni mwa njia, zinashika mguu wa fimbo kama kamba. Februari pembeni pale palikuwa pakavu, mpira ukitua unakimbia kama panya juu ya bati. Julai unatua na kukaa.

Na mibuyu. Wakati wa kiangazi mibuyu hupukutisha majani, inabaki mikono mitupu imeinuliwa juu kama watu wanaoomba dua. Mpira ukienda juu kuna tamaa ya kupenya matawini, na mara nyingine unapenya kweli. Baada ya mvua mti uleule una majani, ni ukuta. Shina lake halina msimu. Nimeupiga mbuyu mara tatu maishani mwangu na mara zote tatu mpira ulirudi nyuma yangu. Wale waliokua wakilamba mabuyu ya rangi nyekundu baada ya madrasa watanielewa nikisema kwamba siku hiyo nilihisi mti ule umenikumbuka.

Maji yapo, mabwawa kadhaa, na yanapendeza kuyatazama ukiwa umeshayavuka. Mashimo ya mchanga yapo mengi, yamewekwa palepale ambapo mpira wa mtu mwenye tamaa huangukia. Juu ya hayo sina jipya la kusema, kila uwanja mkubwa unayo. Kitu ambacho viwanja vingine havina ni wanyama. Ndani ya makazi yale kuna twiga na pundamilia, na si ajabu kuinua kichwa ukaona twiga anakutazama kwa dharau wakati unatafuta mpira vichakani. Sheria inakupa dakika tatu za kutafuta. Twiga hazijali.

Grini ndipo mchezo unapoishia na ndipo moyo unapovunjika. Umefika, shimo liko hatua sita mbele yako, unachotakiwa ni kuusukuma mpira taratibu. Macho yanakwambia ardhi imeinama kulia. Unasukuma, mpira unakwenda kushoto. Kwa sababu uwanja wote umekaa juu ya mteremko mmoja mkubwa unaokwenda baharini, macho hudanganyika, na kile kinachoonekana kama kimeinama upande mmoja kimeinama kweli upande mwingine. Makedi wanajua. Mgeni hajui, na mara nyingi hataki kuambiwa.

Hapa ndipo nimlete mjomba.

Safari ile ya Julai nilimwomba ruhusa aje kama mtazamaji, akaruhusiwa, akakaa kwenye kile kigari kidogo akiwa na kofia yake ya vito na bakora. Mashimo manne ya kwanza hakusema neno. Alikuwa anatazama. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa akitafuta alama, kwa sababu mistari ya makonge aliyoijua haipo tena na mtu aliyezoea kupima ardhi kwa mistari hupotea ikifutwa. Kwenye shimo moja la upande wa juu akanyoosha bakora yake kuelekea mbuyu wenye pango ubavuni. "Ule," akasema. "Ule tulikuwa tukikaa chini yake mchana." Ndipo akaijua ramani yote. Kuanzia hapo hakunyamaza. Hapa palikuwa na njia ya matrekta. Pale mvua kubwa ilizamisha trela mpaka magurudumu yasionekane. Kule fulani aliumwa na nyoka akapona.

Tukafika kwenye grini. Mpira wangu ulikuwa hatua kama saba kutoka kwenye shimo. Nilichuchumaa, nikatazama mbele, nikatazama nyuma, nikaona wazi kwamba unapinda kuelekea bara. Kijana wangu wa mkoba akatikisa kichwa kidogo. Mjomba, kutoka kwenye kigari, bila kuulizwa, akasema, "Mpwa wangu, hapa trela ilikuwa ikivuta upande wa pwani. Ukipakia sana inakupindua."

Kijana akamtazama mjomba kwa mara ya kwanza siku ile, kwa heshima ya fundi kwa fundi. "Mzee anasema kweli," akaniambia. "Lenga shibiri mbili upande wa bara, uuache ushuke wenyewe."

Nikalenga shibiri mbili upande wa bara, jambo ambalo macho yangu yalilikataa kabisa. Mpira ukaenda kama ulivyotumwa, ukaanza kupinda kuelekea baharini, ukaingia. Ilikuwa moja chini ya par, wenyewe wanaita badi, na ilikuwa ya pekee siku nzima.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria juu ya kijana yule. Ni Mgiriama wa karibu na hapo, miaka ishirini na mbili, mwembamba, na anausoma upepo kwa kutazama manyoya ya ndege waliotua. Mchezo wenyewe aliuanzia kwa fimbo moja iliyovunjika shingo, aliyopewa na mteja ikaungwa kwa waya. Nilimpa nafasi apige mpira mmoja tulipokuwa peke yetu, ukaenda mbali kuliko wangu wote wa wiki ile, ukiwa chini, ukiwa mnyoofu. Nikamuuliza kwa nini hashindani. Akaniambia, "Fimbo, mzee." Hakulalamika. Alinipa jibu kama mtu anayekwambia saa ngapi.

Wachezaji wa Kenya walipewa nafasi katika yale mashindano makubwa, na hilo ni jema. Lakini ninapowatazama watoto wetu wa Takaungu, Kijipwa na Mtwapa, wengi hawajawahi kuuona uwanja ulio maili chache kutoka kitandani mwao isipokuwa ukingo wake ukiwa ndani ya matatu. Serikali ya kaunti ina idara ya michezo, shule zina mabasi, na mashindano yanapokuja huchezwa siku nne. Siombi kila mtoto awe Aditi Ashok. Naomba darasa moja la wasichana lipelekwe kuona mtu wa umri wa dada yao akingoja upepo. Na mikoba ya fimbo kuukuu iliyolala kwenye mabohari ya watu wa Nyali, inayokula kutu, ingekuwa sadaka nzuri kuliko nyingi tunazotoa. Ya kwangu fimbo namba saba nimeshaitoa. Kijana anayo.

Kwa anayetaka kwenda kucheza, machache ya kumsaidia. Mgeni asiye mwanachama hulipia, na bei hubadilika, kwa hiyo piga simu kwanza, uulize pia ya kedi na ya kigari. Mzunguko kamili ni saa nne mpaka tano. Mimi huswali alfajiri, nikafika mapema, nikaanza saa moja kasorobo. Kwa namna hiyo unacheza nusu ya kwanza kabla upepo haujaamka, na unamaliza kabla ya adhuhuri bila kukimbizana na wakati. Mchana upepo wa baharini hupanda, joto nalo huwa kali. Ukianza saa saba utakutana na vyote viwili. Shati liwe na kola, suruali iwe ya heshima. Dada zetu wanaouliza juu ya hijabu na nguo ndefu: mchezo huu hauna neno na mavazi ya stara, na ukweli ni kwamba kwenye jua lile aliyejifunika ana nafuu kuliko aliyejiachia. Beba maji, na mipira zaidi ya unavyodhani utahitaji. Handikapu, ile hesabu ya kumsaidia mchezaji dhaifu ashindane na hodari, leo hufika mpaka 54, kwa hiyo usione haya kwa kuanza chini.

Jambo moja la kuwatahadharisha vijana wetu. Kwenye gofu kuna mazoea ya kuwekeana pesa kwa kila shimo, watu wakiyaita mzaha. Kamari ni kamari hata ikichezwa juu ya nyasi nzuri. Mimi huwaambia mapema kabla hatujaanza, na sijawahi kukosa mtu wa kucheza naye kwa sababu hiyo. Aliyeshindwa hununua madafu ya wote kwa hiari yake, basi.

Tulipomaliza siku ile ya Julai nilijumlisha mikwaju yangu: 101. Mjomba akauliza ni nyingi au chache. Nikamwambia yule Mjerumani alipiga 64 hapahapa. Akafikiri. "Katika kaskazi," akasema. Nikasema ndiyo, katika kaskazi. "Aje katika kusi," akasema, na akacheka mpaka kofia ikamtoka.

Njiani kuelekea gari akauliza bei ya mpira mmoja. Nikamwambia. Akasimama, akaniomba ule ulioingia kwa badi, akaugeuzageuza kwenye kiganja chake chenye makovu ya makonge, akautia mfukoni mwa kanzu.